Msitu Nyuma ya Milima: Mwisho wa Filamu ya Pumzi

Filamu ya Pumzi, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya na kutolewa mwaka 2009, haitimizi hata nusu saa, lakini picha yake ya mwisho yataka maelezo marefu. Vita Kuu ya Tatu, iliyokuwa ya kugombea maji, imepita kwa miaka 35. Jumuiya ya Maitu inaishi ndani ya majengo yaliyofungwa. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, na ndoto huzuiwa kwa vidonge. Asha, mtumishi wa makumbusho, analetewa udongo wenye uhai. Baraza linamnyima ruhusa ya kutoka, naye anatoroka, anaupanda mche jangwani, anaumwagilia maji yake ya mwisho, kisha anajilaza juu yake kuukinga na jua. Kamera inapaa, mti unakua pale alipolala, na nyuma ya milima, pembeni mwa picha, unaonekana msitu. Ngurumo na mvua zinasikika, jina la filamu linatokea.

Msitu ule ni upi? Yawezekana ni ndoto ya mtu anayekata roho. Yawezekana ni uzao wa mti ule baada ya miaka mingi. Au ulikuwako siku zote, na Baraza likadanganya.

Ili kupima majibu hayo, na tutazame kusini mwa Ghuba ya Winam, katika nchi ya Waluo, ambako masimulizi ya namna hii yameshikamana na mahali. Karibu na Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, pana ziwa la Simbi Nyaima, yaani kijiji kilichozama. Husimuliwa kwamba bibi kizee alifika penye karamu akanyimwa hifadhi. Mwanamke mmoja tu alimkarimu, akaonywa aondoke upesi, na mvua ikashuka ikakigharikisha kijiji. Maji ya ziwa hilo ni ya magadi. Aliyelelewa na kisa hiki hawezi kuisikia mvua ya Pumzi kuwa neema tupu. Maitu nayo imefunga mlango wake.

Migori nako kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikiza, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Jina lake hufasiriwa kuwa msitu wa kutisha. Hapo ukuta ulimkinga mtu na adui na mnyama, na msitu ndio uliokuwa hofu. Pumzi imeyapindua hayo. Tena wenye boma lile walikuwa na malisho nje ya kuta, hivyo waliijua nje kwa macho yao. Watu wa Maitu huijua kwa kauli ya Baraza tu.

Kwa sababu hiyo naliona jibu la tatu kuwa na nguvu zaidi. Anayeuita msitu ule ndoto anarudia lugha ya mashine za Maitu, ambazo zikigundua ndoto humwamuru mtu ameze kidonge. Itapingwa kwamba, ikiwa msitu ulikuwako, Asha alikufa bure. Pingamizi hili ni zito, wala sidhani filamu inalikwepa. Kamera ilimwinua mtazamaji, ndipo akauona msitu. Asha alikuwa amelala chini, ameukumbatia mche.