Kivungulio Kisicho na Udongo: Malezi ya Mimea na Msamiati Wake Shuleni

Neno haidroponiki limetokana na maneno mawili ya Kiyunani: la kwanza lina maana ya maji, la pili lina maana ya kazi. Liliingia katika maandishi ya kisayansi mwaka wa 1937 kupitia kwa William F. Gericke wa Chuo Kikuu cha California, ingawa ustadi wenyewe ulikuwa umelitangulia jina. Wataalamu wa Kijerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walikuwa wamekwisha kukuza mimea katika maji yaliyotiwa chumvi za madini tangu miaka ya 1860. Katika Kiswahili husemwa aghalabu “kilimo bila udongo”. Istilahi hiyo inaeleweka upesi, ila imeitupa nusu ya pili ya neno asilia, yaani kazi. Na kazi ndiyo inayoamua ikiwa kivungulio cha shule kitauona muhula wa pili.

Udongo ni mlezi mvumilivu. Huhifadhi maji, hewa na virutubishi, na humsamehe mwanafunzi aliyesahau kunyunyizia jana. Unapoondolewa, msamaha huo nao huondoka. Katika mifereji ambamo utando mwembamba wa maji hupita chini ya mizizi, pampu ikizimika adhuhuri yenye jua kali, saladi hunyauka kwa muda wa saa chache. Katika tangi ambamo mimea huelea juu ya ubao mwepesi, mizizi ikiwa imezama majini, muda wa kuokoa mambo huwa mrefu zaidi. Shule ambayo stima hupotea mara kwa mara ingefaa ianze na tangi, hata kama mifereji hupendeza zaidi machoni pa wageni siku ya wazazi.

Kiini cha shughuli nzima ni mmumunyo wa virutubishi. Mbolea hizi huhifadhiwa zikiwa kali katika ndoo mbili zilizotengwa. Moja huwa na naitreti ya kalisi; ya pili huwa na salfeti na fosfeti. Mwanafunzi huuliza kwa haki: kwa nini zisitiwe katika ndoo moja ili kupunguza taabu? Jawabu ni kwamba kalisi ikikutana na salfeti na fosfeti zikiwa bado kali, huungana nazo na kutuama chini kama unga mweupe. Kiswahili kina neno lililo tayari kwa jambo hilo: mashapo. Aliyewahi kunywa kahawa ya kuchemshwa anayajua mashapo yalivyo na anajua kwamba hayanyweki. Mizizi nayo haiwezi kuyanywa. Kwa hiyo ndoo ya kwanza humiminwa ndani ya tangi lenye maji mengi, maji yakakorogwa, kisha ya pili ikafuata.

Kila asubuhi hupimwa mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha asidi, ambacho kwa mboga nyingi hufaa kiwe kati ya 5.5 na 6.5. Kikipanda mno, madini kama chuma huwa hayafikiwi na mizizi, na majani machanga hugeuka manjano ilhali chuma chenyewe kimo majini. Asidi ya kurekebisha hutiwa na mwalimu, wala si mwanafunzi, na daima ni asidi inayotiwa katika maji, si maji katika asidi. La pili ni upitishaji wa umeme, kipimo kinachoonyesha wingi wa chumvi. Hapa pana mtego. Siku za joto mimea hunywa maji kwa kasi kuliko inavyonywa chumvi. Tangi linapungua huku mmumunyo ukizidi kuwa mkali. Mwanafunzi mwenye bidii huona maji yamepungua akaongeza mbolea, na kwa wema wake akaiunguza mizizi. Alipaswa kuongeza maji matupu.

Mizizi yenyewe husomwa kwa macho na kwa pua. Iliyo mizima huwa myeupe. Inayooza huwa ya kahawia, hutelezateleza na hunuka. Maji yakipata joto hupungukiwa na hewa, na ukungu wa kuozesha mizizi hupata nafasi. Ndiyo maana tangi hufunikwa lisipigwe na jua, jambo ambalo pia huzuia mwani usistawi na mbu wasitage mayai humo.

Je, haya yote yanawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Yanawahusu kwa sababu ya daftari. Nchini Kenya somo la kilimo hufundishwa kwa Kiingereza, na si ajabu kukuta daftari la kivungulio limejazwa kwa lugha hiyo. Lakini anayepita hapo saa tisa usiku akagundua kimya cha pampu ni bawabu. Anayechuma mboga ni mpishi. Hawa si wageni wa kivungulio. Ndio walinzi wake wa kweli, na mara nyingi lugha wanayoshirikiana na mwanafunzi ni Kiswahili. Maandishi kama “mfereji wa pili, mizizi kahawia, harufu ipo” yana manufaa kuliko ukurasa mzima wa tarakimu zisizosomwa na yeyote jioni.

Uteuzi wa maneno hapa si pambo. Chukua neno “dawa”. Kwa mkulima wa Kenya, dawa ni sumu ya kuulia wadudu. Kwa mfanyakazi asiyeelekezwa, chochote kinachotiwa majini kutoka kwenye chupa kinaweza kuitwa dawa. Ndoo ya mbolea ikiandikwa “dawa”, siku moja atatokea mtu atakayeipulizia nondo wa nyanya, au, vibaya zaidi, atakayemimina sumu halisi ndani ya tangi. Ndoo na iandikwe “mbolea ya kwanza” na “mbolea ya pili”, kwa wino usiofutika. Mjadala wa wanaistilahi kuhusu “mmumunyo” na “myeyusho” unaweza kuendelea seminani; kivungulioni litumike moja tu, lolote lile, bila kubadilishwa katikati ya muhula.

Kisha huja likizo. Ile ya mwisho wa mwaka ndiyo ndefu kuliko zote, na nyanya haijui kalenda ya Wizara. Uamuzi hufanywa mapema: ama mazao yavunwe yote, tangi limwagwe na mifereji isuguliwe, ama apatikane mtu wa kubaki, alipwe, na akabidhiwe daftari. Makabidhiano hayo hufaa yafanyike kivungulioni, pampu ikiwa inanguruma, mwanafunzi akisoma kwa sauti yaliyoandikwa na bawabu akiuliza maswali hadi akome kuuliza.