Anomalocaris: "Kamba" Aliyewapiga Chenga Wanasayansi Miaka 93

Ukisachi wanyama wa kale utakutana na dude moja la baharini: macho yamechomoza pembeni, mikono miwili ya miiba mbele, mdomo wa duara chini ya kichwa. Wengi wanabisha, eti hiyo ni kompyuta tu. Hapana jamani. Linaitwa Anomalocaris, ndugu wa mbali wa kamba, kaa na wadudu, na liliishi kweli miaka kama milioni 508 iliyopita, zama za Kambriani. Wale dinosaria wa Tendaguru, Lindi, waliochimbwa na Wajerumani 1909 hadi 1913 wakapelekwa Berlin, wana miaka milioni 150 hivi. Watoto wadogo kwake!

Sasa hapa ndio patamu. Mwaka 1892 Joseph Whiteaves alieleza jiwe la Kanada lenye alama ya mkono tu. Akadhani ni kiwiliwili cha kamba kisicho na kichwa, ndio maana jina lake ni "kamba wa ajabu". Nenda Feri uangalie mkia wa kamba, pingili kwa pingili, utaelewa kilichomchanganya. Mwaka 1911 Charles Walcott akatangaza mdomo kuwa ni yavuyavu, na mwili kuwa ni jongoo bahari. Viungo vitatu, majina matatu! Mzoga ukioza vipande vinaachana, kila kimoja kinagandia jiwe lake. Mwaka 1985 Harry Whittington na Derek Briggs wakaonyesha kwamba vyote ni vya wanyama wa ukoo mmoja. Kwenye jiwe moja walikuta mikono na mdomo bado vimeshikana na mwili.

Na mambo hayajaisha. Zamani iliandikwa lina urefu wa mita nzima, vipimo vipya havifiki hata sentimita 40. Mwaka 2011 macho yaliyopatikana Australia yalikuwa na lenzi zaidi ya 16,000 kila moja. Mwaka 2023 wakapima nguvu za ile mikono kwa kompyuta, wakaona ingeumia kwa kukamata trilobaiti wenye magamba magumu. Inaelekea lilikula vilaini.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeprinti kazi ya shule, angalia ukurasa uliandikwa lini. Saa umeshalipia, fungua hata kurasa mbili ulinganishe.

Maoni ruksa, matusi hapana.