Okwess: Roki Iliyosomea Kwenye Matanga

Baba mudogo yangu wa Eringeti, upande wa Beni, hana habari na roki. Miezi kadhaa iliyopita nilimtumia kwa WhatsApp video ya Jupiter & Okwess, bendi ya Kinshasa, ile wanayopiga wakiwa wamebanana kati ya meza za kazi na rafu za vitabu za redio ya NPR, Washington. Kwa mtandao wa kwetu, video ilichukua siku mbili kumfikia. Jibu lake likaja kwa sauti, jogoo akiwika nyuma yake: "Iyi haiko ya bazungu iyi. Iyi ni ya kilio."

Nilikuwa nimemtumia ili nimshangaze, naye akaitambua kabla sijafungua mdomo. Maana yule mwimbaji mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, kazi hii alijifunza akipiga kwenye vilio, ambavyo Kinshasa wanaviita matanga. Naandika haya kwa ajili ya jibu lile, na pia kwa ajili ya vijana wetu wa hapa Ubelgiji ambao kila mara wananiuliza kama Kongo kuna roki, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama Kongo kuna theluji. (Ipo. Panda Ruwenzori kutoka Mutwanga.)

Jupiter jina lake ni Jean-Pierre Bokondji. Bibi yake alikuwa mganga wa kienyeji, na mtoto alizoea kumfuata kwenye sherehe zenye ngoma za kabila la Wamongo. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Zaire, na katika miaka ya 1970 alipelekwa kufanya kazi kwenye ubalozi wa Berlin Mashariki. Akahamia huko na familia yake. Tangu 1961 Berlin ilikuwa imekatwa na ukuta, na Mjerumani wa Mashariki aliyejaribu kuuruka aliweza kupigwa risasi. Mtoto wa mwanadiplomasia alipita mlangoni akionyesha karatasi. Basi kijana wa Kinshasa akawa na uhuru ambao majirani zake weupe hawakuwa nao: kuvuka kwenda Magharibi, kusikiliza yaliyokuwa yakisikilizwa huko, kisha kurudi nyumbani kulala. Ilikuwa miaka ya Deep Purple na ya Jackson 5. Pamoja na vijana wenzake wa Kijerumani akaunda kikundi kilichoitwa Der Neger, jina ambalo leo lisingeruhusiwa kupanda jukwaa lolote, na humo akaanza kuchanganya gitaa la umeme na midundo ya bibi yake.

Ila tusiionee Kinshasa. Wengi wanasimulia habari hii kana kwamba Jupiter ndiye aliyeleta roki kutoka Ulaya ndani ya sanduku. Lakini bendi ya Zaiko Langa Langa ilizaliwa tarehe 24 Desemba 1969, mikononi mwa vijana waliozitupa tarumbeta za wakubwa wao, wakaweka mbele drums na magitaa makali. Mnamo Septemba 1974 James Brown na B.B. King walipanda jukwaa Kinshasa, kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman. Umeme ulishafika. Kilichotokea ni kwamba rumba iliumeza. Nguvu ile ambayo Uingereza ilizaa roki, kwetu iliingia ndani ya seben, sehemu ile ya mwisho wa wimbo ambapo magitaa yanazunguka na watu wanasimama kucheza. Kwa hiyo Kongo ilipata ukali wa roki bila kuhitaji neno lenyewe, na kijana aliyetaka kuupeleka ukali ule upande mwingine, nje ya rumba, hakuwa na mahali pa kukaa.

Jupiter alirudi Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyumbani walitaka asome. Yeye alitaka kupiga. Akaondoka kwao, akalala mahali alipopata, akaishi kwa matanga.

Hapa inafaa tukae kidogo. Mtu akifa Kinshasa, parseli inajaa viti, turubai linafungwa, na watu wanakesha. Kikundi kidogo kinaitwa kipige hadi asubuhi, kilipwe kwa sahani ya chakula na pesa kidogo. Lakini marehemu wa leo ni Mmongo, wa kesho Mtetela, wa Jumamosi Mluba, na kila ukoo unataka ngoma ya kwao, tena mbele ya wazee wanaoijua. Ukikosea, shangazi wa marehemu anakunyang'anya ngoma na kukuonyesha. Hakuna chuo cha muziki duniani chenye mtihani mkali kama huo. Jupiter, ambaye tayari alikuwa na sikio la Berlin, alipita katika shule hiyo usiku baada ya usiku, na hapo ndipo alipopata hoja ambayo amekuwa akiirudia maisha yake yote: nchi yenye makabila zaidi ya 400 haiwezi kuwa na muziki wa aina moja tu. Kikundi chake cha kwanza cha Kinshasa kilikuwa Bongofolk. Mwaka 1990 akaunda Okwess International. Okwess ni neno la Kibunda, maana yake chakula. Kwa bendi iliyokuwa ikilipwa kwa sahani, jina halikuwa mbali na ukweli. Mtindo wenyewe akauita Bofenia Rock.

Aliuchagua mwaka mbaya. Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na nchi ikaanza kulegea kila upande. Septemba 1991 askari walipora Kinshasa, wakarudia Januari 1993. Oktoba ya mwaka huo noti mpya ilipotoka, zaire moja mpya ilibadilishwa kwa milioni tatu za zamani. Jaribu kununua nyuzi za gitaa katika hali hiyo. Kisha ikaja vita ya 1996, ikaja ya 1998. Baadhi ya wanamuziki wa Okwess walikimbilia Ulaya. Jupiter akabaki Lemba, mtaa wake, akaanza upya na vijana wengine.

Sisi wa Eringeti hatukujua lolote kuhusu hayo. Kwenye vita ile ya pili Beni ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD-K/ML, na Kinshasa ilikuwa kama nchi nyingine. Lakini ndombolo, dansi ya Kinshasa, ilivuka mstari wa mapigano bila kuomba ruhusa. Nakumbuka wakimbizi wa Mambasa walipofika Eringeti mwishoni mwa 2002, wakiwa na magodoro kichwani, na duka moja kando ya barabara lilikuwa likipiga Werrason kwa redio ya betri. Wimbo ulikuwa ukitaja majina ya watu tusiowajua, mmoja baada ya mwingine.

Majina yale ndiyo mabanga, na bila kuyaelewa huwezi kuelewa kwa nini bendi kama Okwess ilikaa gizani muda mrefu hivyo. Kutupa libanga, yaani jiwe, ni kulitaja jina la mtu ndani ya wimbo: mfanyabiashara, mwanasiasa, ofisa, mume wa fulani aliyeko Paris. Anayetajwa analipa. Ukiongeza pesa za viwanda vya bia, ambavyo vilishindana kununua nyota wa Kinshasa kama timu za mpira zinavyonunua washambuliaji, unapata uchumi mzima unaolisha bendi kubwa za watu ishirini na zaidi. Ni uchumi wenye akili zake, siudharau. Pale ambapo kanda na diski zinanakiliwa sokoni kabla hazijapoa, msanii atakula wapi? Lakini una bei yake. Wimbo lazima uwe mrefu ili majina yaenee. Lazima uwe wa mapenzi ili asikasirike mkubwa. Okwess waliimba mambo ya mtaani, kwa nyimbo fupi, bila kumtaja aliyelipa. Hiyo ndiyo maana ya kuwa bendi huru Kinshasa: hakuna anayekukataza kitu, na hakuna anayekulipa.

Kuna dai moja la Jupiter ambalo nalipokea nusu tu. Anapenda kusema, na waandishi wa Ulaya wanapenda kuandika, kwamba Wakongomani waliusahau muziki wa vijijini kwa kuipenda rumba. Si kweli kabisa. Atalaku, yule mpiga kelele anayechangamsha seben, aliingia Zaiko mwanzoni mwa miaka ya 1980 akitoka moja kwa moja kwenye vikundi vya ngoma za asili. Bendi ya Stukas, ya Lita Bembo, ilikuwa tayari imechukua ekonda, ngoma ya Wamongo. Swede Swede walijaza mitaa kwa lokole, ngoma ya mti, bila gitaa hata moja. Kijiji hakikuwahi kuondoka Kinshasa. Tofauti ni kwamba bendi kubwa zilikichukua kama pilipili, zikakinyunyiza mwishoni. Okwess walikipika kama ugali wenyewe.

Sikiliza uone. Kwa kawaida wimbo wa Kinshasa unaanza polepole na kukusubirisha. Okwess wanaanza pale ambapo wengine wanamalizia. Montana Kinunu anapiga drums huku akiimba, na mkono wake unafuata ngoma za mkesha, hata ukitafuta moja-mbili-tatu-nne ya roki utapotea. Yende Bongongo kwenye besi ndiye anayebeba wimbo. Gitaa, ambalo katika rumba ni bibi harusi, hapa ni chafu, linakwaruza, mara nyingine linanyamaza kabisa. Sauti hazipambwi. Wanaume watatu au wanne wanaimba pamoja kama watu wanaosukuma lori lililokwama matopeni, picha ambayo msafiri yeyote wa barabara ya Komanda anaielewa.

Mlango ulifunguka kwa njia ya sinema. Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de la Tullaye, walimfuata Jupiter mitaani, na mwaka 2006 wakatoa filamu La Danse de Jupiter. Watu haohao baadaye walitengeneza Benda Bilili!, juu ya wanamuziki walemavu wa Kinshasa, iliyofika Cannes mwaka 2010. Kupitia mlango huohuo Damon Albarn, yule wa Blur na Gorillaz, aliwajua Okwess. Mwaka 2011 alikwenda Kinshasa na watayarishaji wenzake, wakarekodi kwa siku chache albamu ya Kinshasa One Two kwa ajili ya shirika la Oxfam, na Okwess wakawemo. Mwaka uliofuata Jupiter alipanda treni ya Africa Express iliyozunguka Uingereza ikiwa imejaa wanamuziki.

Albamu iliyowafikisha duniani, Hotel Univers, ilitoka 2013. Hesabu: miaka 23 tangu bendi izaliwe. Watoto waliozaliwa siku ya mazoezi ya kwanza walikuwa wameshaoa. Kisha ikaja Kin Sonic, 2017, ambamo Albarn mwenyewe anapiga kinanda na Warren Ellis fidla. Albamu ya Na Kozonga, yaani nitarudi, ilitoka 2021 chini ya Mario Caldato Jr., fundi aliyefanya kazi na Beastie Boys. Ya karibuni ni Ekoya, 2025. Kwangu mimi Hotel Univers bado inazishinda zote, kwa sababu ndani yake unasikia watu waliosubiri. Zinazofuata zimeoshwa vizuri mno.

Na jina lake la utani, Général Rebelle? Kinshasa linachekesha. Mimi nimetoka Eringeti, jenerali na mwasi ni maneno mawili ninayoyasikia kwa tumbo kabla ya masikio. Ningefurahi kama angechagua lingine.

Swali ambalo Okwess wananiachia ni la nyumbani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita ukingoni mwa msitu wa Ituri na mashine yake, akawarekodi Wanande, Wabira, Wabudu na Wambuti. Miaka michache baadaye Colin Turnbull na Francis Chapman walirekodi upande huohuo, na kampuni ya Folkways ikatoa santuri yao mwaka 1958. Waefe wa msitu huohuo wana luma, filimbi ambazo kila mpulizaji ana sauti yake moja tu, na wimbo unakamilika pale tu kila mtu anapoingia kwa wakati wake. Msikilize mpiga besi wa Okwess akijibizana na drums, utasikia hesabu ya aina hiyohiyo. Vifaa vya umeme vipo pia: ingia kanisa lolote kubwa la Beni au Butembo siku ya Jumamosi jioni, utakuta gitaa, kinanda na jenereta, na vijana wanaojua kuvitumia vizuri kuliko mimi.

Kinachokosekana kwetu ni usiku. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza upande wa Beni, watu wa familia yangu wanazika mapema. Tangu Mei 2021 wako pia chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Kilio ambacho zamani kilikesha siku tatu sasa kinakwisha jua likiwa bado juu, ili kila mtu awahi nyumbani. Ngoma inapigwa saa moja au mbili, shangazi hapati nafasi ya kumsahihisha mtu, na kijana anaondoka bila kujua alipokosea.

Baba mudogo alinitumia sauti nyingine wiki iliyofuata. Alikuwa ameirudia video mara nyingi, na kuna jambo lililokuwa likimsumbua.

"Na uyu mwenye banapigia, ni nani alikufa?"

Nikamjibu kwamba hakuna aliyekufa, ni kazi tu, wanalipwa.

"Banalipwa?" Akakaa kimya kidogo, jogoo akawika. "Ngapi?"