Mashine ya Boti la Maji ya Chumvi (4): Alichokitaka Rudolf Diesel

EPRA, mamlaka ya Kenya inayodhibiti nishati na mafuta, ilipotangaza bei tarehe 14 Septemba 2023, petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, na dizeli ikaifuata unyounyo. Julai ya mwaka huo huo, kodi ya VAT kwenye mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mvuvi wa Junju, kwetu Kilifi, anayeshuka Kuruwitu au Vipingo alfajiri, dumu begani, akichanganya petroli na oili kabla ya kusukuma boti majini, hana nauli ya kumpandishia abiria. Bei ya mafuta ndiyo inayoamua kama leo atatoka au atakaa chini ya mnazi.

Katika makala zilizotangulia tumekwisha kuzungumza kuhusu umbo la boti, uzito na pangaboi. Sasa wasomaji wanataka niseme: mashine gani? Nitasema. Lakini jibu langu linapitia Augsburg, Ujerumani, kwa mtu ambaye nimemsoma tangu ujana wangu, na ambaye nina yakini kwamba watu wadogo kama sisi ndio aliokuwa akiwafikiria.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani. Vita vya 1870 vilipozuka wakafukuzwa Ufaransa, na kijana akapelekwa Augsburg kwa jamaa. Huko Ujerumani alisomeshwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za ubaridi, na kazi yake ya kwanza aliporudi Paris ilikuwa kutengeneza barafu. Jina lake leo liko kwenye kila kituo cha mafuta, kumbe alianza na kitu kile kile ambacho mvuvi wetu anakililia kila siku samaki wake wanapooza njiani!

Lililomkera Diesel lilikuwa mashine ya mvuke. Iliteketeza makaa, ikapoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za moto wake. Ubaya zaidi, ilikuwa kubwa na ghali, hivyo mwenye kiwanda pekee ndiye aliyeimudu. Seremala na mfumaji wakabaki kuajiriwa au kufa njaa. Diesel alitaka injini ndogo, isiyo na ulafi, ambayo fundi ataiweka uani kwake na kubaki bwana wa kazi yake. Aliomba hataza mwaka 1892. Mwaka 1893, kwenye jaribio la kwanza, mlipuko nusura umuue. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima rasmi, na ikaonekana inageuza asilimia 26 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Hapakuwa na mashine nyingine duniani iliyofika hapo.

Siri yake ni kubana. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta yananyunyizwa na kuwaka yenyewe. Hakuna plagi wala cheche. Nawaomba wasomaji wa pwani walipime hilo kwa makini, kwa sababu chumvi haina adui inayempenda kama waya wa umeme. Mashine ya petroli inayozimika nje ya mlango wa mwamba, kusi likivuma, mara nyingi imezimwa na plagi iliyolowa, waya uliooza au kabureta iliyoziba. Dizeli ndogo ya kuwashwa kwa mkono inahitaji mambo matatu tu: hewa, mafuta safi na mbano.

Halafu kuna habari ya karanga, ambayo sichoki kuisimulia. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya Diesel iliyotengenezwa na kampuni ya Otto iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikiwa na makoloni yake ya Afrika akilini, ambako karanga ziliota kwa wingi na makaa hayakuwepo. Miaka kumi na kitu baadaye Diesel bado alikuwa akilitaja jambo hilo kwa matumaini.

Kwetu Kilifi wazo hilo lilikuja likiwa limepinduliwa. Badala ya mkulima kujizalishia mafuta kwenye konde lake, ilikuja kampuni iliyotaka hekta 50,000 za jatrofa, mmea wa mbegu za mafuta, katika msitu wa Dakatcha, kule Malindi, na wenyeji wakaambiwa ni maendeleo. Walisimama imara pamoja na watetezi wa mazingira, na mwaka 2012 mpango ukakataliwa. Walifanya haki. Mafuta yanayomnyang'anya mtu shamba si mafuta ya Diesel, hata yakichomwa ndani ya injini yenye jina lake. (Na kabla kijana hajanijia na dumu la mafuta ya nazi: huganda joto likishuka chini ya digrii 25 hivi, na yasipotayarishwa kitaalamu huziba nozeli. Tuyaache jikoni kwa sasa.)

Mwaka 1903 Diesel alichapisha kitabu alichokiita Solidarismus, na mwenyewe alikithamini kuliko injini. Alipendekeza wafanyakazi wachange senti chache kila siku katika mfuko wao, na kwa nguvu ya mfuko huo wamiliki karakana na mashine kwa pamoja. Watu walimpuuza na kitabu hakikupata wanunuzi wengi. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alitoweka kutoka kwenye meli Dresden akielekea Uingereza, na mwili wake ukaonekana baharini siku kadhaa baadaye. Dunia ilichukua injini yake, ikaipeleka kwenye manowari na meli za matajiri. Yule fundi mdogo alisahaulika.

Aliyemkumbuka alikuwa Mjapani, Magokichi Yamaoka, aliyekulia katika familia ya wakulima. Kampuni yake, Yanmar, ilitoa mwaka 1933 dizeli ndogo iliyoweza kufanya kazi kwenye mashamba ya mpunga. Mwaka 1957 Yamaoka aliwajengea watu wa Augsburg bustani ya mawe ya Kijapani kuwa kumbukumbu ya Diesel. Hivyo ndivyo mwenye adabu anavyolipa deni la elimu.

Sasa turudi kwenye mashine zetu, tuzilinganishe. Mashine ya petroli ya mipigo miwili inayofungwa tezini ni nyepesi; ya farasi 15 ina kilo arobaini hivi, watu wawili wanaibeba hadi nyumbani. Kila fundi wa Mtwapa na Kilifi anaijua, na vipuri vinapatikana. Lakini hunywa karibu nusu lita kwa kila nguvu farasi kwa saa, kwa hiyo ikikimbizwa kwa nguvu zote inameza lita saba hivi kwa saa moja. Ile ya kabureta hutema robo ya petroli yake bila kuichoma, ikiwa imechanganyika na oili, kwenye maji yale yale ambayo wavuvi wa Kuruwitu walikubaliana mwaka 2005 kufunga sehemu yake ili matumbawe na samaki wapumue. Hilo naliona ni aibu.

Ya mipigo minne hunywa kidogo kuliko hiyo na haichanganyiwi oili, ila ni nzito na fundi wake lazima awe amesoma. Dizeli ya ndani hutumia robo lita hivi kwa nguvu farasi kwa saa. Ya farasi 10 haizidi lita mbili na nusu. Tena mvuke wa petroli hutuama ngamani ukisubiri cheche, ilhali dizeli haiwaki kirahisi hivyo. Hasara zake ni bei ya kununulia, uzito, na pangaboi lililo chini ya boti, ambalo maji yakitoka wakati wa bamvua hugonga mwamba. Mhandisi Øyvind Gulbrandsen na wenzake wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walilitatua hili katika Ghuba ya Bengal: injini, shafti na pangaboi huinuka pamoja boti linapofika ufukweni. Fundi wa kuchomelea anaweza kujifunza kazi hiyo.

Umeme wa betri umeanza kwenye Ziwa Victoria. Hapa chumvi itauhukumu, tungoje.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye hori anayevua ndani ya mwamba na kurudi mapema anunue ya mipigo minne, ya farasi 8 au 10, asishindane na jirani mwenye 40. Boti la mita sita likipita mwendo wa noti sita hivi huanza kula mafuta kwa fujo, na samaki hawaongezeki kwa ajili hiyo. Kila jioni aisuuze kwa maji matamu ya kisima, na abadilishe kipande cha zinki kinachoikinga na kutu kabla hakijaisha. Wanaotoka nje ya mwamba wanunue dizeli, na wainunue kwa kikundi. Isiwe ya kinu cha posho inayopozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, kwani chumvi itaila silinda. Iwe na maji yake baridi yanayozunguka, yakipozwa na bahari kwa bomba la kando ya mkuku.

Kanuni za BMU, yaani vikundi vya kusimamia fukwe, za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi chombo cha kujisimamia pamoja, mfano wa kile ambacho Diesel aliandika na hakusikilizwa. Serikali ya Kaunti ya Kilifi, mnapogawa mashine, msigawe mashine tupu. Somesheni kwanza vijana wawili wa kila BMU kufungua nozeli na kubadilisha pampu, na vipuri viwekwe Vipingo, si Nairobi.