Mteja akisema "mashine ya boti haiwaki", muulize haya kabla hujamtumia spea

Leo naongea na mnaouza spea mtandaoni, hasa za mashine za boti. Mimi niko Gerezani, lakini wateja wangu wengi siwaoni. Wako Mafia, Kilwa, Bagamoyo. Wanapiga simu, hela inaingia kwenye simu, mzigo unapanda basi. Kwa hiyo ukikosea kusikiliza simu, umekosea biashara yote.

Nianze na kosa langu. Mwaka wa kwanza wa biashara alinipigia mzee mmoja wa Mafia, mvuvi wa dagaa. "Mwanangu, mashine imegoma, moto hakuna. Nitumie CDI." CDI ni kile kiboksi cha umeme kinachopeleka moto kwenye plagi, na bei yake si ya mchezo. Mimi nikafurahi, mauzo hayo! Sikuuliza hata swali moja. Mzigo ukaenda kwa basi mpaka Nyamisati, ukavuka kwa boti mpaka Kilindoni. Akaufunga. Mashine kimya vilevile.

Sasa wavuvi wa dagaa wanategemea usiku wa giza, maana wanavuta dagaa kwa taa. Mwezi ukitoka, kazi inapungua. Yule mzee alipoteza usiku nne za giza, na vijana wake wote wamekaa pwani. Kumbe tatizo lilikuwa waya wa swichi ya kuzimia. Chumvi iliula mpaka ukawa unagusa bodi ya mashine. Fundi wa hukohuko aliuchomoa, akavuta kamba mara mbili, ikawaka. CDI ya zamani ilikuwa nzima.

Aliponipigia hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ndo muuzaji, mbona hukuniuliza?" Nikamrudishia nusu ya hela. Hajanipigia tena mpaka leo.

Tangu hapo situmi spea kabla sijauliza. Na huhitaji kuwa fundi. Mashine inataka vitu vinne tu ili iwake: mafuta, hewa, moto, na mgandamizo ndani ya silinda. Maswali yako yanatafuta kipi kimekosekana. Hapa nazungumzia zile tu-stroki za kuvuta kamba, kama Yamaha Enduro ya 15 na ya 40, ambazo wavuvi wengi wa pwani wanazo.

1. Klipu ya usalama ipo? Gia iko huru?
Ile kamba anayojifunga nahodha ina klipu inayobana kwenye swichi ya kuzimia. Klipu isipokuwepo, moto hautoki hata avute mpaka jioni. Na mashine nyingi zikiwa kwenye gia, kamba ya kuwashia haivutiki. Mteja akisema "imejam", muulize gia kwanza kabla hamjaanza kuwaza pistoni.

2. Mafuta yanafika?
Kwenye mfuniko wa tangi kuna skrubu ya kupitisha hewa. Ikiwa imefungwa, mashine inaweza kuwaka dakika chache halafu inazima, kwa sababu tangi halivuti hewa. Kisha aminye ile pampu ya mpira kwenye mpira wa mafuta mpaka iwe ngumu. Haiwi ngumu? Mpira unavuta hewa mahali, au kiungio hakijakaa vizuri, au pampu imefungwa kinyume. Mshale uliochorwa juu yake lazima uelekee kwenye mashine.

3. Mafuta yenyewe yakoje?
Mwambie amimine kidogo kwenye chupa nyeupe, aiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwepo utayaona yamekaa chini. Muulize pia kachanganyaje oili. Mashine nyingi za aina hii zinataka 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, lakini kitabu cha mashine yake ndo kinaamua. Oili ikizidi, plagi zinachafuka. Ikipungua, pistoni inaungua.

4. Plagi zikifunguliwa zikoje?
Hili swali nalipenda sana. Plagi kavu kabisa, mafuta hayafiki, rudini namba 2. Na kama pampu ilishakuwa ngumu na plagi bado kavu, huenda kabureta imeziba. Plagi zikiwa zimelowa, mafuta yanafika, ila moto ni dhaifu au choki imevutwa kupita kiasi. Azikaushe, afungue choki, avute kamba mara kadhaa plagi zikiwa nje ili mafuta ya ndani yatoke, halafu azirudishe ajaribu tena.

5. Moto upo?
Hapa kuna petroli na cheche, kwa hiyo mpe maelekezo taratibu. Kwanza achomoe mpira wa mafuta na kufuta petroli yote iliyomwagika. Plagi ikae kwenye kofia yake, chuma chake kiguse bodi ya mashine, mbali na tundu ilipotoka. Asiishike kwa mkono mtupu. Mwenzake avute kamba. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri.

Hizi mashine zina plagi mbili. Moja ikiwa na moto na nyingine haina, azibadilishane nafasi. Tatizo likihama na plagi, muuzie plagi. Lisipohama, angalia kofia na waya wake. Zote mbili zikikosa moto, tafuta kitu wanachotumia zote, na cha kwanza ni waya wa swichi ya kuzimia. Autenganishe, ajaribu tena. Moto ukirudi, swichi au waya wake ndo mgonjwa, CDI haina kosa. Ila mwambie kabisa: waya ukiwa umetenganishwa, swichi haizimi mashine. Atazima kwa kuvuta choki au kuchomoa mpira wa mafuta. Hiyo ni ya kupimia tu, asiende nayo baharini.

Na ikiwaka nchi kavu, azime hapohapo. Bila maji, impela inaungua, na hapo mmetengeneza tatizo jingine.

6. Kamba ni nyepesi kuliko zamani?
Ikivutika kama haina kitu ndani, mgandamizo umekwisha. Hapo usiuze chochote, mwambie atafute fundi afungue.

Sasa ukishajua ni plagi, usikosee herufi. Hapa nimeona wengi wanaumia. NGK B7HS na B7ES zinafanana kwa jina, lakini H ni uzi wa milimita 12.7 na E ni wa milimita 19. Ukimtumia E mtu wa H, plagi inaingia ndani sana na inaweza kugongwa na pistoni. Ukiona R katikati, kama BR7HS, ina kizuizi cha kupunguza mwingiliano wa redio. Ukiona -10 mwishoni, nafasi ya cheche ni milimita 1.0. Usikubali "nitumie plagi ya Yamaha". Omba picha ya plagi ya zamani, na picha ya kibati kilichopo kwenye mabano ya kufungia mashine, ndo chenye modeli.

Najua mtu atasema, "Ukiuliza yote hayo si unajinyima mauzo?" Ni kweli, kuna siku mteja alitaka koili, mwishowe hakununua kitu, maana klipu ilikuwa imedondoka kwenye boti. Sikupata hata mia. Ila yule alimpa nahodha mwenzake namba yangu, na yule mwenzake aliagiza impela, plagi na mpira wa mafuta kwa mpigo mmoja. Wavuvi wanakaa pamoja pwani, wanaambiana nani mkweli na nani anasukuma tu mzigo.

Cha kufanya leo: andika haya maswali sita, yahifadhi kwenye simu uyatume mteja akipiga. Omba video fupi ya mtu akivuta kamba, inakuonyesha mengi. Na kwa spea za umeme, mweleze masharti ya kurudisha kabla hajatuma hela, siyo baada. Wengi hatupokei spea ya umeme ikishafungwa, sasa kama hukumwambia, hapo ndo ugomvi unapoanzia.

Mteja anaponunua kwetu hawezi kushika spea, hawezi kumwonyesha fundi wa dukani. Anachotegemea ni sisi tumuulize. Dakika kumi za simu zingemwokolea yule mzee usiku nne za giza, na mimi ningekuwa na mteja wangu mpaka leo.