Ukuta Wenye Kiu

Lipu yangu ya kwanza ilidumu msimu mmoja wa mvua. Ulikuwa ukuta wa nje, upande wa baharini, wa nyumba ndogo ya tofali za saruji hapa Kilwa Masoko, nami niliupiga mwenyewe kwa siku mbili za jua kali la kaskazi. Masika yalipoingia, ukiugonga unalia kama debe tupu. Baadaye ukaanza kubabuka, vipande vipana kama sinia, na nyuma ya kila kipande tofali lilikuwa safi, kana kwamba halikuwahi kuguswa na saruji.

Fundi wa jirani akaokota kipande, akakisaga kwa vidole kikawa unga. Akaniuliza, "Mwalimu, tofali ulilinywesha?"

Sikulinywesha. Nafundisha sayansi, na bado sikuwa nimeliwaza jambo hilo ukutani kwangu. Tunasema lipu "imekauka", lakini saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji. Chembe zake zikikutana na maji huota fuwele ndogo mno, zilizosokotana kama mizizi, zinazokamata mchanga na kujipenyeza kwenye vitundu vya tofali. Kazi hiyo huanza ndani ya saa chache na kuendelea kwa wiki kadhaa. Maji yakiisha, nayo inakoma. Tofali kavu lililochomwa na jua hufyonza maji ya lipu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, na zile milimita chache zinazogusana nalo hubaki unga.

Tofali lililolowa chepechepe nalo halifai, kwa kuwa vitundu vimekwisha jaa na lipu inateleza. Linyweshe, kisha ngoja mpaka uso wake upoteze mng'ao wa maji. Hapo ndipo pa kuanza.

Kosa langu la pili lilikuwa mchanga. Niliutoa karibu na ufukwe, mweupe, mzuri kwa macho, umejaa chumvi. Chumvi ya kawaida huvuta unyevu na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75. Kwetu pwani ya Lindi hewa hukivuka kiwango hicho na kurudi, usiku ikipanda, mchana ikishuka. Kila ikishuka chumvi hugeuka fuwele tena, na fuwele inayokua ndani ya kitundu husukuma kuta zake mpaka zinavunjika. Ule unga mweupe unaojitokeza kwenye kuta zetu ndiyo chumvi hiyo. Kwenye nondo ni hatari zaidi, maana chumvi huharakisha kutu.

Jumamosi moja nikapanda boti kwenda ng'ambo, Kilwa Kisiwani, kutazama lipu tu. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11 na kupanuliwa baadaye. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ni la karne ya 14. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na kuvikwa kwa chokaa. Niliinama mahali ambapo lipu ya kale bado imeshika: ndani yake kulikuwa na punje nyeusi za mkaa na vipande vya kombe, vyeupe kama kucha.

Mkaa huo unatoka tanurini. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo na kuchomwa. Yakifika joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hutoa hewa ya ukaa, na kilo 100 za jiwe safi la chokaa hubaki kilo 56. Kinachobaki huzimwa kwa maji, hupakwa ukutani, kisha polepole hurudisha ileile hewa ya ukaa kutoka angani na kuwa jiwe tena. Kwangu hakuna jambo la ajabu zaidi katika ujenzi wa pwani hii: tumbawe lililopitia motoni likarudi kuwa jiwe juu ya tumbawe jingine. Chokaa hiyo ni laini kuliko saruji, huacha unyevu utoke, na jengo likitikisika kidogo huwa na uvumilivu. Si kwamba haichakai. Magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaokoa.

Nikarudi na wazo moja: lipu isiwe ngumu kuliko ukuta inaouvika. Lipu yenye saruji nyingi hunywea kwa nguvu inapokauka, na tofali dhaifu haliwezi kuizuia. Safari hii nilichanganya ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa ya ujenzi na sita za mchanga wa mtoni, nikiwa nimevaa glavu na miwani kwa sababu chokaa huchoma macho. Kwanza niliurushia ukuta uji mzito wa saruji na mchanga ili upate mikwaruzo ya kushikia. Kisha nikapaka tabaka la milimita 12, nikiufuata ukuta ulio kivulini, na sikuchanganya zaidi ya kile ninachoweza kumaliza kwa saa moja. Nikaumwagilia asubuhi na jioni siku 7.

Siku ya nane niligonga kila mahali kwa mpini wa mwiko. Pembeni mwa dirisha pakalia debe, upana wa kiganja. Nikapabandua, nikaenda kuchota maji.