Kamera ndogo ya joto

Kamera ndogo ya joto ni kamera ya kushikwa mkononi au kupachikwa kwenye simu, inayounda picha kutokana na mnururisho wa infraredi unaotoka kwenye vitu vyenyewe. Kwa hiyo huweza kuonyesha mtu au mnyama gizani bila taa yoyote. Infraredi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1800.

Muundo

Miili ya watu na wanyama hutoa hasa infraredi yenye urefu wa wimbi wa mikromita 10 hivi. Kioo cha kawaida huizuia, ndiyo maana lenzi hutengenezwa kwa gerimani au silikoni. Nyuma yake kuna kihisi chenye maelfu ya vipande vyembamba, mara nyingi vya oksidi ya vanadi, vilivyofungiwa ndani ya ombwe. Kipande kikipata joto, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na badiliko hilo huwa nukta moja ya picha. Kihisi cha aina hii hakihitaji mtambo wa kukipoza. Hapo ndipo udogo ulipowezekana.

Nukta ya kihisi cha kamera ya simu huweza kuwa na upana wa mikromita 1 tu. Ya kamera ya joto haiwezi kushuka sana chini ya 10, kwa sababu lenzi haikusanyi wimbi refu kwenye nukta ndogo kuliko wimbi lenyewe. Hivyo kamera ndogo huwa na nukta chache, na mtu aliye mbali huonekana kama doa.

Tatizo gumu zaidi ni joto la kamera yenyewe. Betri hukaa karibu na kihisi na kuchafua picha. Kwa hiyo kamera nyingi zina kifuniko kidogo kinachojifunga kwa muda mfupi ili kihisi kijirekebishe. Mlio unaosikika wakati huo si dalili ya ubovu.

Vipimo pia hudanganya. Mahali penye paa za mabati, kama Mabatini jijini Mwanza, bati jipya linalong'aa huweza kuonekana baridi kuliko bati lenye kutu lililo jirani, ingawa yote mawili yanaunguza mkono. Bati jipya hutoa infraredi kidogo na huakisi ile hafifu ya anga.

Matumizi Afrika Mashariki

Mwaka 2016 shirika la WWF lilitangaza matumizi ya kamera za joto za kampuni ya FLIR dhidi ya ujangili nchini Kenya. Huko Maasai Mara, inayopakana na Serengeti, kamera ilifungwa juu ya gari la askari wa wanyamapori, na majangili zaidi ya 20 walikamatwa katika miezi ya mwanzo. Kabla ya hapo askari walitegemea tochi na mbalamwezi, na tochi humwonyesha jangili mahali askari alipo.